Kebo ya mm² 10 au 16 kwa mota ya kW 22, umbali mita 120?

Msagaji_Kibaigwa
Wakuu, habari zenu. Nafunga mashine ya kusaga huku Kibaigwa, Dodoma. Mota ni ya fezi tatu, kW 22 (hp 30), kibao chake kinasema V 400, A 41. Kutoka meini swichi hadi kibanda cha mashine ni mita 120, na kebo itapita chini ya ardhi. Muuzaji ananipa kebo ya kuzika yenye deraya ya chuma, nyaya nne za shaba, mm² 10, anasema "inabeba A 70". Ubavuni imeandikwa XLPE (aina ya plastiki ya ganda la waya) 600/1000 V, wakati umeme wangu ni wa V 400. Itafaa? Na hiyo 1000 haina madhara?

Fundi_Paneli
Mkuu, 600/1000 V ni uwezo wa ganda kuzuia umeme: 600 kati ya fezi na ardhi, 1000 kati ya fezi na fezi. Mtandao wetu ni 230/400, kwa hiyo hapo huna wasiwasi. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu ampea.

Hizo A 70 zipo kweli, ila ni za kebo iliyofungwa ukutani, hewa ikiwa nyuzi 30. Ikizikwa, jedwali la BS 7671 (kanuni za Uingereza za kufunga umeme) linaipa mm² 10 A 58 tu, tena kwa udongo wa nyuzi 20. Udongo wa Dodoma uhesabie 30, zidisha kwa 0.93, unabaki na A 54. Mota ya A 41 inapita, na wengi huishia hapo wakanunua.

Kinachokukwamisha ni umbali. Kebo hiyo ya mm² 10 hupoteza milivolti 4 kwa kila ampea kwa kila mita. Piga 4 × 41 × 120: unapoteza V 19.7, yaani 4.9%. Kikomo cha mashine ni 5% hadi kwenye mota yenyewe, na nyaya za ndani ya kibanda hujazihesabu. Hapo mota imeshachanganya, yaani imefika kasi yake. Ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara 6 hivi ya ampea zake, volti zinaanguka, na nguvu ya kuzungusha hushuka kwa mraba wake: volti zikibaki 80%, nguvu inabaki 64%. Utasikia mota inanguruma haichanganyi, kontakta (swichi ya sumaku) inagongagonga, na mwisho koili zinaungua.

Chukua mm² 16. Hupoteza milivolti 2.5, kwako ni V 12.3, kama 3.1%. Ikizikwa inabeba 75 × 0.93, karibu A 70, hivyo sakiti breka ya A 63 inailinda. Ile ya mm² 10, yenye A 54, breka hiyo haiwezi kuilinda isizidiwe.

Volti_Kavu
Akiweka stata ya sta-delta (kiwashio kinachoanzisha mota kwa volti pungufu) si mm² 10 inatosha? Ampea za kuwashia zinashuka hadi theluthi.

Fundi_Paneli
Ndugu, na nguvu ya kuzungusha nayo inashuka hadi theluthi. Ukiongeza volti zilizopotea njiani, kinu chenye mahindi ndani hakiwaki. Sta-delta aiweke, lakini juu ya mm² 16, na awashe hopa ikiwa imefungwa.

Stata ikae kibandani karibu na mota, kwa sababu kutoka stata hadi mota zinahitajika nyaya sita. Kila moja hubeba 41 × 0.58, karibu A 24. Ovalodi (kifaa kinachokata mota ikizidiwa) ikifungwa kwenye njia hiyo iwekwe A 24. Hapa ndipo mota nyingi hufia: fundi anaiweka 41 kwa kufuata kibao, mota inazidiwa na ovalodi haikati.

Msagaji_Kibaigwa
Nimeelewa, asanteni sana. Na ya alumini? Bei yake ni nafuu.

Drami_na_Lagi
Alumini ya mm² 25 ina ukinzani wa ohmu 1.20 kwa kilomita, shaba ya mm² 16 ni 1.15, kwa hiyo zinakaribiana. Usichukue alumini ya mm² 16. Na kwenye meini swichi utumie lagi (vichwa vya kubania waya) za metali mbili, alumini na shaba. Alumini ikibanwa moja kwa moja kwenye shaba hushika kutu, kiungo kinapata moto.

Ukibaki na shaba, kagua kabla ya kulipa. Nyuzi saba za mm² 16 ambazo hazikubanwa kiwandani huwa na kipenyo cha mm 1.70 kila mmoja. Za mm² 10 ni 1.35. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, iache dukani.

Mtaro uwe na kina cha sentimita 60, mchanga laini chini na juu ya kebo, kisha mkanda wa onyo juu yake kabla hujamaliza kufukia. Usiikunje kwa duara lenye nusu kipenyo chini ya mara 8 ya unene wa kebo. Deraya ifungwe ethi pande zote mbili kwa glandi za chuma (vibanio vya kebo inapoingia kwenye boksi). Nje chukua glandi zenye mpira wa kuzuia maji. Kabla ya kuunganisha, pima insulesheni (uzima wa ganda) kwa mega, kipimo chake, ya V 500, kila waya kwa mwenzake na kila waya kwa deraya. Kebo mpya ikisoma chini ya megaohmu 1 usiiwashe. Mara nyingi ni ganda lililochanwa na jiwe, au maji yaliyoingia drami (gurudumu la kebo) ilipoachwa nje ncha zikiwa wazi.