Huyu Tommy Cooper alikuwa fundi wa mazingaombwe kweli au mchekeshaji tu? Waliomfuatilia mje hapa

Kipepeo_Mweusi

Wakuu habari za jioni. Nipo Uingereza huku nafanya kazi ya kulea wazee, kuna kitu nimekiona kazini nimeshindwa kukielewa nikasema nilete jukwaani. Juzi kulikuwa na birthday ya bibi mmoja, mwanae kaja kavaa tarbushi jekundu, kasimama tu mlangoni hajasema neno, ukumbi mzima wazee wakaanza kucheka, hadi babu mmoja ambaye siku nyingine hata jina la mkewe linampotea akanyoosha mikono mbele, viganja chini, akaipeleka huku na huku akasema ile kauli ya "hivi hivi tu!" na wenzie wakaitikia. Nikaambiwa wanamkumbuka Tommy Cooper, mtu wa mazingaombwe aliyefariki 1984.

Usiku nikaingia YouTube. Jamani, nusu ya vitu anavyofanya havifanikiwi, anaangusha, anasahau, anacheka mwenyewe kabla ya watu. Mimi mazingaombwe niliyokulia nayo ni ya wale jamaa waliokuwa wanakuja shule ya msingi, mnachangishwa hela, mnajazana darasani madirisha yamefungwa, jamaa anakula moto anatafuna wembe, ukirudi nyumbani usiku hulali. Sasa huyu anayekosea imekuaje watu wamkumbuke zaidi ya miaka 40 baadaye? Alikuwa anajua kazi au kanjanja aliyebahatika? Na kuna waliofuata nyayo zake? Nawasilisha.

Mzee_wa_Cardiff

Mkuu umegusa penyewe, mimi huyu mtu namhusudu, nimekaa Wales muda mrefu na kwao ni hapa jirani tu. Kazaliwa Caerphilly 19 Machi 1921, ila akiwa na miaka 3 wazazi wakahamia Exeter. Shangazi yake ndo alimponza, alimletea boksi la mazingaombwe la kitoto akiwa na miaka 8, basi ikawa ndo imetoka hiyo. Ujanani akaingia kujifunza kuunda boti kule Hythe karibu na Southampton, siku moja wakampa nafasi afanye mambo yake kantini mbele ya wafanyakazi wenzie, kila alichogusa kikaharibika, jasho linamtoka na watu wanavunjika mbavu. Alitoka pale kanywea kabisa, ila baadaye akili ikamjia kwamba vile vicheko vilikuwa vya kweli, na mtu mwenye kimo cha mita 1.93 na mikono mikubwa vile akichanganyikiwa mbele ya meza ndogo tayari kachekesha kabla hajafungua mdomo.

Kwenye swali lako la kujua kazi: alikuwa mwanachama wa Magic Circle, chama cha watu wa mazingaombwe cha London, na pale kwa kawaida unafanyiwa usaili na mtihani kabisa, hauingii kwa kuchekesha.

Itafute ile ya chupa na glasi. Kuna meza, chupa moja, glasi moja, na silinda mbili za kufunikia. Anakwambia chupa itahamia kwa glasi na glasi itahamia kwa chupa, anafunika, anafunua, kweli zimehama. Anarudia, sasa maneno yanaanza kumkoroga, chupa glasi, glasi chupa, mara ananyanyua silinda anakuta chupa mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na chupa, anashtuka anaifunika haraka, ananyanyua ya pili, chupa nyingine, anaangalia watu, anaangalia meza, zinazidi kutokea tu hadi meza imejaa na yeye kabaki anazitumbulia macho. Haya niambie zile chupa zimetoka wapi? Wakati wewe unacheka kwamba mzee kapotea njia kumbe ndo hapo amekufanyia mazingaombwe yenyewe tena peupe, na makofi hukumpigia kwa sababu ulikuwa unamwonea huruma. Huo ndo ufundi wake, kakuibia hadi nafasi ya kushangaa.

Binti_Kibokoni

Hahaa nimecheka. Mie niko Mombasa, babu yangu marehemu tarbushi alivaa mpaka mwisho, tena ukilikalia kwa bahati mbaya utajuta kuzaliwa. Kumbe wenzetu wakiliona wanacheka? Alilitoa wapi huyo Mzungu, nieleze mwenzenu.

Mzee_wa_Cardiff

@Binti_Kibokoni kalitolea Cairo dada yangu. 1940 aliingia jeshini, Horse Guards, kikosi cha askari wa farasi, vita ikampeleka Misri na huko akawekwa kwenye kikundi cha kuburudisha wanajeshi. Alikuwa na mchezo ambao huwa anavaa kofia ngumu ile ya jua ya wakoloni, siku moja kafika kofia hana, mhudumu akawa anapita na tarbushi lake kichwani, Cooper akanyoosha mkono akalichomoa akaliweka kichwani kwake. Ukumbi ukalipuka. Hakulivua tena maisha yake yote ya jukwaani.

Na kuna stori inasimuliwa, baadaye karudi Misri kutembea na mkewe, anajaribu tarbushi kwa muuzaji, muuzaji akamwambia "hivi hivi tu!" kwa lafudhi yake Cooper. Jamaa akashangaa, akauliza umenijuaje? Muuzaji akasema mimi sikujui, ila kila Mwingereza anayejaribu kofia hii lazima aseme hayo maneno, wewe ndo wa kwanza hujasema.

Binti_Kibokoni

Mashallah hiyo nimeipenda. Nami nimemtafuta sasa hivi, nimeanza na hii: eti kapanda darini kwake kakuta fidla kuukuu na picha ya kuchorwa, kampelekea mjuzi wa vitu vya kale, akaambiwa hongera sana hapa una Stradivarius (fundi fidla maarufu) na Rembrandt (mchoraji maarufu). Ila bahati mbaya, Stradivarius ndiye aliyechora picha na Rembrandt ndiye aliyetengeneza fidla. Nimemsimulia mume wangu kanuna, eti hajui hao ni nani 😂😂 nimemwambia usijali baba, lala.

Fundi_Kiinimacho

Wakuu poleni na majukumu, hii mada ni ya kwangu kabisa maana kazi yangu ndo hii, birthday za watoto, mahafali ya chekechea, mara mojamoja bonanza za makampuni hapa Dar.

Ngoja niwaambie kitu ambacho mtazamaji wa kawaida hakioni. Sisi huku tatizo letu kubwa siyo watu kujua siri, ni watu kukuogopa. Ukifanya kitu kikatoka kisafi sana, umevaa nguo nyeusi, sura umeikaza, kuna mama lazima amvute mwanae nyuma, na mimi binafsi nimeshawahi kukemewa kwa jina la Yesu katikati ya shoo na mgeni mwalikwa, tena kanyoosha mkono kabisa na keki bado haijakatwa. Hao jamaa wa shule za msingi anaowasema mleta mada walikuwa wanaishi kwa hiyo hofu, ukiwaogopa ndo wanapata heshima. Sasa nilipoanza kumwangalia Cooper nikaona kuna mlango mwingine wa kutokea. Mtu anayekucheka hakuogopi, na mtu asiyekuogopa anakusogelea, na akishasogea ndo unampiga nayo.

Mfano, kuna mchezo wa zamani sana wa mfuko wa yai. Mfuko wa kitambaa, yai linaingia, linatoweka, unaugeuza mfuko nje ndani hamna kitu. Mimi nikishalipoteza najifanya nalibana kwapani kizembe hivi hadi watoto wa mbele wanaona, wanaanza kelele, kwapani! kwapani! nanyanyua mkono mwingine, siyo huo! mwingine! nabadilisha ule wa kwanza naushusha huu, wanazidi kupagawa, hadi wanasimama juu ya viti. Mwisho nanyanyua mikono yote miwili, hamna yai. Kimyaa. Halafu namwita yule yule mama aliyekuwa anavuta mtoto, namwambia ingiza mkono mfukoni, anaingiza huku anasitasita, anatoka na yai, anacheka hadi anaomba picha. Hapo nani atasema mchawi?

Ila vijana wanaomwiga naona wengi wanapotea. Mchezo wa kawaida una njia moja, huu wa kukosea una njia mbili, ile unayotaka waione na ile unayoificha, na zote zinatembea kwa wakati mmoja kwa hiyo kazi ni mara mbili. Kuna dogo mmoja alikuja kunionyesha, kaangusha karata kweli kweli akasema ni staili ya Cooper. Nikamwambia mdogo wangu hapo umeangusha karata tu. Cooper mwenyewe fujo yote ile ilikuwa imepangwa, jumba la makumbusho la V&A pale London 2016 walinunua vitu vyake, ndani kuna kabati la mafaili la vichekesho amevipanga kwa mada kwa kufuata alfabeti, utadhani ni mhasibu wa halmashauri. Huyo ndo mtu unayedhani anasahau.

Sina_Baya

Naona mnampamba tu. Nimesoma habari zake, jamaa alikuwa mlevi, waandishi wa maisha yake wanasema nyumbani alikuwa na mkono mwepesi kwa mkewe, na kwa miaka mingi alikuwa na uhusiano na msaidizi wake wa kazi. Halafu bahili balaa! Inasimuliwa akishuka kwenye teksi anamchomekea dereva kitu mfuko wa shati, anamgonga begani, "kanywe chochote juu yangu", dereva akija kuangalia anakuta kipakiti cha majani ya chai. Mtu wa hivyo mnampa sifa?

Fundi_Kiinimacho

@Sina_Baya hayo ya kumpiga mke hamna anayeyatetea mkuu, yasemwe na yabaki kwenye rekodi. Mimi nazungumzia mikono yake ikiwa juu ya meza. Ila hiyo ya chai... hahaha dereva wa Bongo kakuomba hela ya chai ukampa chai yenyewe, aise hautafika mwisho wa mtaa.

Kipepeo_Mweusi

Nashukuru sana wakuu, nimeanza kuelewa. Swali lingine, ni kweli alifia jukwaani? Kuna mzee kaniambia nikaona kama ananitania.

Mzee_wa_Cardiff

Ni kweli tupu. Jumapili 15 Aprili 1984, Her Majesty's Theatre, London, kipindi kinaenda laivu kwenye ITV, kituo cha tivii cha Uingereza. Alikuwa na miaka 63 na moyo ulishampa onyo tangu 1977 alipopata shambulio akiwa Rome. Mchezo wa usiku ule ulikuwa hivi, msaidizi anamvisha joho kubwa, yeye anasimama mgongo kwenye pazia, na mwendesha kipindi Jimmy Tarbuck yuko nyuma ya pazia tayari kumpitishia vitu ili avitoe ndani ya joho. Joho likavaliwa, mara akalegea, akashuka taratibu hadi chini akakaa, kaegemea pazia. Watu wakacheka. Msaidizi akatabasamu. Tarbuck huko nyuma akadhani mzee kaongeza kichekesho kipya. Na ungewalaumu vipi, mtu kakaa miaka yote anawafundisha kwamba yeye akiharibikiwa ndo mcheke.

Ikabidi wakate waweke matangazo, wakamvuta nyuma ya pazia, kisha kipindi kikaendelea, wasanii wengine wakafanya kazi mbele ya pazia lile lile huku nyuma yake wanahangaika kumwokoa. Hospitali ya Westminster ndo ikathibitisha kafariki.

Sina_Baya

Hiyo klipu naomba isiletwe humu. Hapo tunakubaliana wote nadhani.

Binti_Kibokoni

Tumekubaliana. Mie sitaki hata kuijua iliko. Mtu akiwa anakata roho tena na watu wanacheka, la hasha.

Kipepeo_Mweusi

Nami nimekubali, siitafuti. Basi nipeni nianze na ipi, nataka niwawekee wazee kwenye tivii ya ukumbini Jumamosi. Na hilo la waliofuata nyayo bado mnanidai.

Mzee_wa_Cardiff

Waliofuata ni wengi mkuu, karibu kila mtu wa mazingaombwe ya kuchekesha Uingereza anayejifanya kukosea kapita kwenye mlango wake atake asitake, hadi waigizaji wakubwa wamemwigiza, Jerome Flynn kamcheza jukwaani 2003 na David Threlfall kwenye filamu ya ITV 2014. Anthony Hopkins, Mwelsh mwenzake, anamwigiza vizuri sana na ndiye alizindua sanamu yake Caerphilly 2008.

Jumamosi wawekee ile ya kofia. Ana boksi la kofia na shairi la watu waliokutana baa, kila mhusika ana kofia yake, baharia, mwanajeshi, polisi, na kadiri shairi linavyokwenda kasi kofia zinamshinda, kavaa ya baharia anaongea ya polisi, anachungulia boksi anatafuta, anasahau kafika mstari gani. Wazee wako wataimaliza kabla yake, hilo nakuhakikishia.

Na ukipata off njoo huku nikupeleke ukaione sanamu, imekaa inaangalia ngome, treni toka Cardiff haimalizi nusu saa. Ukipenda teksi sawa tu, nauli utatoa wewe, mimi nitabeba majani ya chai.