Idara za kompyuta, mnawasajilisha wa mwaka wa kwanza gizani hadi lini?

Wadau, leo sibembelezi mtu. Kila mwaka wanafunzi wapya wakifungua chuo huku kwetu Magharibi mwa Kenya, na kule Nakuru vilevile, karatasi ya yuniti (masomo ya muhula) 7 au 8 inabandikwa kwenye ubao wa idara, au inatumwa kwenye kundi la WhatsApp kama picha isiyosomeka, kisha kijana anaambiwa ajisajili kabla ya Ijumaa. Basi. Hakuna anayemweleza kwamba kati ya hizo nane kuna moja iliyoshikilia kozi nzima, na kadhaa ni za kujazia tu.

Stadi za mawasiliano ukianguka, utafanya sapu (mtihani wa marudio) na maisha yaendelee. Uprogramu wa kwanza, yaani ule wa kuandika programu kwa lugha ya C, ukianguka ni balaa jingine. Bila huo huruhusiwi kuingia uprogramu wa pili, ule wa Java au C++. Bila wa pili hakuna miundo ya data na algoriti, na bila miundo ya data utakuwa unatazama mifumo ya uendeshaji na mradi wa mwisho kwa mbali. Na kwa kuwa idara nyingi hufundisha yuniti hiyo mara moja tu kwa mwaka, aliyeikosa muhula wa kwanza hairudii muhula wa pili. Anangoja darasa linalomfuata. Yuniti ya krediti 3 inakula mwaka mzima wa mtu, na idara haikuona haja ya kuiwekea hata kinyota kwenye karatasi!

Halafu sapu yenyewe. Vyuo vingi vya hapa pasi ni 40, na ukipita sapu unaandikiwa hiyo 40 hata kama karatasi yako ilistahili 85. Kwa hivyo msidanganyane eti "tutamalizia kwa sapu".

Nirudi nyuma kidogo, kwenye kuchagua kozi, maana uozo unaanzia hapo. Alama za klasta (zile zinazokokotolewa kwa masomo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari), ambazo kilele chake ni 48, zinakwambia kama utaingia. Hazikwambii utakachokuta ndani. Sayansi ya Kompyuta ina kalkulasi, hisabati ya diskriti, na mara nyingi fizikia au elektroniki tangu mwaka wa kwanza. Teknolojia ya Habari inaegemea mitandao, hifadhidata na kuhudumia mifumo. BIT (teknolojia ya habari ya biashara) ina uhasibu na usimamizi ndani yake, tena si kidogo. Zote tatu zina uprogramu mwaka wa kwanza! Anayekimbilia BIT ili aukwepe atakutana nao mlangoni. Na aliyepata A ya Kompyuta kwenye KCSE asijidanganye kwamba amemaliza: shule nyingi mradi wa karatasi ya tatu hufanywa kwa hifadhidata, fomu na ripoti. Mtoto anaweza kutoka na A na hajawahi kuandika kitanzi kimoja (amri zinazojirudia) kikafanya kazi.

Sasa tuje kwenye ufundishaji, na hapa ndipo nyongo inanipanda.

Saa 3 kwa wiki, wiki 14 au 15: hiyo ndiyo yuniti. Toa wiki mbili tatu za mwanzo ambazo watu wanapanga foleni za usajili na vyumba, umeshapoteza karibu saa 9. Chukua maabara yenye kompyuta 40 na darasa la watu 160. Hayo ni makundi manne, kwa hivyo kama maabara ina nafasi moja tu kwa wiki, mwanafunzi anagusa kibodi mara moja kwa mwezi. Mara moja kwa mwezi! Kisha mnashangaa kwa nini wanakariri programu kama shairi la shule ya msingi.

Na kwenye hizo kompyuta mmeweka nini? Turbo C, programu ya kuandikia na kuendeshea C. Ile ya skrini ya buluu, ya enzi za DOS, ambayo kwenye Windows ya biti 64 haiwaki mpaka uipakate ndani ya DOSBox, programu inayoigiza DOS. Lugha ya C yenyewe haina kosa. Dennis Ritchie aliitengeneza pale Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970 na hadi leo inaendesha dunia. Kosa ni kuifundisha kwa chombo kilichokufa. Tazameni:

int karo = 40000;
printf("%d", karo);

Kwenye Turbo C hii inachapisha -25536. Sababu ni kwamba int (aina ya namba nzima) ya huko ina biti 16, mwisho wake 32767, ukiupita inageuka hasi. Kwenye gcc, chombo cha kisasa cha kutafsiri C, int ina biti 32 na inafika 2147483647, kwa hivyo 40000 inatoka vizuri. Mwanafunzi anaona chuo ndicho kinadaiwa karo (angalau kwenye skrini), na hakuna wa kumweleza kwa nini. Akifika nyumbani na programu yenye clrscr() na conio.h, mambo ya enzi za DOS, gcc inaikataa, naye anadhani kompyuta yake ni mbovu. Na gets(), amri ya kusoma maandishi, bado inafundishwa, ilhali iliondolewa kwenye kiwango cha C mwaka 2011 kwa sababu haijui ikomee wapi: jina likizidi nafasi uliyotenga linamwagikia kumbukumbu ya jirani. Tumieni fgets, jamani.

Makosa yanayowaangusha mtihanini nayo ni yaleyale miaka nenda miaka rudi, na yangefutwa kwa vipindi viwili vya maabara:

int jumla = 137;
float wastani = jumla / 2;

Wanaandika 68.5 kwenye karatasi ya majibu. Jibu ni 68.000000. Kugawanya kumefanyika kwanza, namba nzima kwa namba nzima, desimali ikatupwa. Kuiweka kwenye float (aina ya namba yenye desimali) baadaye hakuirudishi. Ni jumla / 2.0 na kazi imeisha. Kisha kuna kusahau & ndani ya scanf (amri ya kusoma anachoandika mtumiaji), kuandika = pale panapotakiwa ==, na nukta mkato mwishoni mwa mstari wa for, inayofanya kitanzi kizunguke bure bila kugusa mabano yaliyo chini yake. Na ukisoma namba kisha ukasoma herufi kwa %c, scanf inameza ule mstari mpya uliobaki ulipobonyeza Enter, unaona kama imeruka swali. Acha nafasi kabla ya %c, yaani " %c", itatulia.

Usajili wenyewe nao. Wazazi wanalipia kijana wa saiba (kafe ya intaneti) pale Kisumu au Kakamega abonyeze kwa niaba ya mtoto, naye anachagua chochote chenye jina linalofanana. Tatizo ni kwamba yuniti moja inaweza kuwa na misimbo miwili, wa mtaala wa zamani na wa mpya. Ukisajili wa zamani, unahudhuria, unafanya CAT (majaribio ya katikati ya muhula), unafanya mtihani, halafu jina lako halimo kwenye orodha ya mhadhiri. Hizo ndizo zile alama zinazopotea ambazo watu huzitafuta hadi mwaka wa nne wakiwa na gauni la mahafali mkononi. Linganisha msimbo na karatasi ya idara ya mwaka wako wa kuingia, herufi kwa herufi. Ukishawasilisha, angalia kama hali inasema imeidhinishwa au bado inasubiri, inayosubiri haijasajiliwa. Chapisha fomu yenye tarehe. Karatasi za CAT zikirudishwa, usifungie mandazi.

Nataka idara zijibu: kwa nini mchoro wa yuniti ipi inategemea ipi haubandikwi? Ni ukurasa mmoja. Mnao kwenye mtaala wenu mliopeleka kuidhinishwa. Utoeni.

*

Mkereketwa_Njoro: Umesema kweli, ila usiwape watu sababu ya kuichukia C. Kuna wanaodai tuanze na Python kwa wote. Python ni rahisi kuanzia, hata 137 / 2 inakupa 68.5 bila hila, lakini inakuficha kumbukumbu, na mwaka wa pili kwenye miundo ya data vielekezi (anwani za kumbukumbu) vitakukuta hujui kitu. CS50, kozi ya kompyuta ya Harvard, ambayo ni ya bure mtandaoni, inaanza na Scratch, inaingia C wiki kadhaa, ndipo Python. Mpangilio huo una akili. Anayesubiri barua ya chuo aanze nayo sasa hivi.

Mlalamishi (mwandishi wa hapo juu): Sina ugomvi na C, Mkereketwa. Ugomvi wangu ni skrini ya buluu na maabara iliyofungwa kwa kufuli saa kumi jioni.

Shangazi_Kakamega: Habari zenu. Mpwa wangu kapata BIT, anataka kuhamia Sayansi ya Kompyuta. Wengine wanamwambia aache kwenda darasani mpaka uhamisho ukubaliwe. Ni kweli?

Mlalamishi: Shikamoo shangazi. Asithubutu! Kwanza aangalie kama alama zake zinafikia kiwango walichochukua watu wa Sayansi ya Kompyuta mwaka wake huohuo, si mwaka jana, na kama hisabati na fizikia zake zinakidhi masharti ya chuo hicho. Kama hazifikii, fomu atajaza bure. Kama zinafikia, apeleke mapema, dirisha la uhamisho hufungwa upesi. Wakati anangoja ahudhurie zote za BIT. Vyuo vingi vinataka uwe umehudhuria theluthi mbili ya vipindi ndipo uruhusiwe kufanya mtihani, na uhamisho ukikataliwa wiki ya sita hesabu hiyo itamkaba. Tena uprogramu na stadi za mawasiliano mara nyingi ni za kozi zote mbili. Lakini aulize idara anayokwenda kama msimbo wa uprogramu ni uleule. BIT wakati mwingine wana toleo jepesi lisilohesabiwa kwingine.

Kondele_254: Kwa wasio na laptopu: simu ya Android inatosha kwa muhula wa kwanza. Weka Termux (programu ya kuandikia amri kwenye simu), andika pkg install clang ili upate chombo cha kutafsiri C, subiri, kisha clang karo.c -o karo halafu ./karo. Wengi wanakwama kwa sababu faili wameiweka kwenye hifadhi ya kawaida ya simu, inawaambia hawana ruhusa ya kuiendesha. Faili ikae ndani ya folda ya nyumbani ya Termux. Ukipata hela ya laptopu ya mtumba pale Oginga Odinga Street, Kisumu, tafuta RAM ya 8 GB na diski ya SSD, usihangaike na jina lililoandikwa kwenye kifuniko. Kwa C peke yake hata 4 GB inatosha.

Shangazi_Kakamega: Asante wanangu. Na mtihani wenyewe wanaufanyia kwenye kompyuta?

Mlalamishi: Kwenye karatasi, shangazi. Kwa kalamu. Kwa hivyo afanye mazoezi ya kuchora jedwali: kila kigezo safu yake, kila mzunguko wa kitanzi mstari wake, ajaze thamani kwa mkono kabla ya kuiendesha kwenye simu, kisha alinganishe. Vitanzi kumi hivi kwa wiki vinatosha. Na kama alisajiliwa na kijana wa saiba, adai nywila ya akaunti yake ya chuo, aibadilishe leo.