Wageni waliojitolea wawekewe jiwe la kumbukumbu pale Mnara wa Saa?

Kijenge Juu: Wadau, 5 Desemba ni Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, Umoja wa Mataifa uliipitisha 1985. Naomba Jiji la Arusha liwawekee jiwe waliofundisha na kuchimba mitaro ya maji huku. Peace Corps, wale wajitoleaji wa Marekani, wapo tangu 1964.

Mangi wa Kibosho: 1961, kaka! Wapima barabara na wanajiolojia walitua kabla ya Uhuru. Wakaondoka 1969, wakarudi 1979. Usichonge tarehe ya kubahatisha.

Tengeru Sokoni: Jiwe la nini? Miaka yote hiyo na watu wa Meru bado mnacheka mkiziba mdomo kwa meno ya kahawia.

Mama Usa: Wee, meno yetu yameingiaje hapa? Ni floraidi, madini ya kwenye maji yanayotia meno kahawia; inatoka kwenye miamba ya volkano, hakuna mgeni aliyeimwaga.

Tengeru Sokoni: Basi chemsheni maji.

Mama Usa: Ndiyo unajua kitu gani sasa? Ukichemsha, maji yanapungua, floraidi inabaki, inazidi kukolea. Na magadi unayotia kwenye maharage nayo yanayo. Jino linaharibika likiwa bado linajijenga ndani ya fizi, mpaka mtoto afike kama miaka minane. Baada ya hapo hata umpe maji ya chupa, doa halitoki.

Fundi Ngurdoto: Dawa ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Unachoma kwa hewa kidogo, nyuzi 400 hadi 500. Ukitoka mweusi au kijivu, sawa. Mweupe umeungua kupita kiasi, haunasi floraidi tena. Wa kahawia haujaiva, maji yatanuka. Unasaga punje, unaosha, unajaza ndoo ya kuchujia maji.

Kijenge Juu: Jamani, jiwe…

Mangi wa Kibosho: Ndoo hizo wageni waligawa, wakapiga picha, wakapanda ndege. Mkaa ukishiba haunasi kitu, na maji yanatoka meupe vilevile, kwa macho hujui. Lazima upime, kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Mama Usa: Kubadilisha mkaa ni kazi ya kamati ya maji, siyo ya mgeni. Mkusanya hela ya bomba mnamlipa kwa kazi gani?

Fundi Ngurdoto: Jiwe liwe dogo. Kwenye ndoo bandikeni tarehe ya kubadilisha mkaa.

Tengeru Sokoni: Na anayepima aandikwe jina, Mmeru au Mzungu. Mama Usa, samahani kwa meno.

Mama Usa: Nimesikia. Magadi acha.