Geto la kushea karibu na uwanja wa ndege: kitanda changu au cha kupokezana?

mgeni_angani: Wakuu habari zenu. Mimi ni mhudumu wa ndege, bado mpya, na kituo nilichopangiwa kiko mbali na home, kwa hiyo hata kwenda kazini inabidi nipande ndege kwanza, tena nasubiri siti ikibaki. Kuhama sasa hivi haiwezekani. Nimepata geto wanaloshea wahudumu na marubani, kuna kitanda cha peke yako na kuna cha kupokezana, hicho cha pili ni nafuu sana. Miezi yangu yote ni standibai, yaani nasubiri tu kupigiwa simu niingie kazini. Nichukue kipi??

begi_mlangoni: Standibai? Chukua cha kwako dada. Cha kupokezana kinamfaa mwenye ratiba yake tayari, analala usiku mmoja kabla ya safari basi anapotea. Wewe unaweza ukakaa siku nne unaangalia simu tu. Mimi niliwahi kuingia saa nane usiku vitanda vyote vina watu, nikalala kwenye sofa na sare yangu, alfajiri simu hiyo inaita njoo kazini. Nilijuta.

kapt_mstaafu: Bei weka pembeni kwanza, angalia usingizi. Ile ndege ya Colgan Air iliyoanguka karibu na Buffalo, Marekani, Februari 2009 wakafa watu 50, rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kwenda kituoni kwake Newark, na kapteni alilala chumba cha wafanyakazi hapo hapo uwanjani, wote wawili hawakuwa na pa kulala Newark. Chanzo kilikuwa kapteni kukosea pale ndege ilipotoa onyo kwamba mwendo umepungua mno, ila wachunguzi walisema uchovu nao huenda uliwapunguzia umakini. Sheria mpya za kule zilianza 2014, rubani apate mapumziko ya saa 10 kabla ya zamu, 8 kati ya hizo za kulala bila kusumbuliwa. Lakini safari yako ya kutoka nyumbani haihesabiwi kazi, inakula mapumziko yako mwenyewe.

begi_mlangoni: Na muulize mwenye nyumba kitanda kimoja anakipangisha kwa watu wangapi, asipojibu moja kwa moja kimbia 😂 Mashuka nenda na yako.

mgeni_angani: Asanteni jamani. Nimemuuliza, anasema "inategemea".

begi_mlangoni: Kimbia.