Naomba ushauri: picha ya kale ya msomi, jina limekatwa

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Nimerithi picha ya msomi iliyochapwa kwa bamba la shaba: mzee mwenye kofia, kalamu mkononi, vitabu mbele yake. Sehemu ya chini, ambako kwa kawaida huwekwa jina lake na majina ya mchoraji na mchongaji, imekatwa kwa mkasi. Inaniuma sana. Mtu alichongewa picha ili akumbukwe, leo hana hata jina.

Nimeitazama kwa lenzi: ni mistari mitupu inayopishana, hakuna vile vinukta vya picha za magazetini. Pande tatu karatasi imebonyea pale ukingo wa bamba ulipokandamiza. Nimeilinganisha na picha ya Erasmus, msomi wa Uholanzi, aliyoichonga msanii Mjerumani Albrecht Dürer mwaka 1526, kwa kuwa naye anaandika akiwa na vitabu mbele yake, lakini sura si ile. Kutafuta kwenye intaneti kwa kutumia picha hakujasaidia.

Nianzie wapi kumtambua: kwenye mavazi, au kwenye alama ya maji ya karatasi, yaani ile chapa ya mtengenezaji inayoonekana karatasi ikimulikwa? Na madoa ya kahawia yaliyotapakaa usoni, niyaache au yanaweza kuondolewa bila kuharibu karatasi?