Kituo cha kulelea watoto mchana Chikongola: nianze na nini?

Mkeka_Mtwara: Wakuu, kuna nyumba ya kupanga Chikongola, Mtwara mjini. Sebule mita 4 kwa 5, vyumba viwili vya mita 3 kwa 4, na stoo. Nalenga watoto wa miaka 1 hadi 4 wa kina mama wanaouza samaki feri. Nianze na usajili au vifaa? Na nyumba inabeba watoto wangapi?

Ustawi_Kusini: Usinunue hata mkeka, na usilipe kodi ya mwaka. Vituo hivi viko chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, lazima visajiliwe. Anzia ofisi ya mtaa, kisha mwombe afisa ustawi wa jamii wa manispaa aje aione nyumba, ikiwezekana na afisa afya. Nyumba nyingi hukwama chooni: tundu la choo cha wakubwa linammeza mtoto. Uzio nao, na dari, maana bati tupu kwa joto la Mtwara watoto hawalali mchana. Andikishaneni na mwenye nyumba nani anagharamia marekebisho kabla fundi hajaingia.

Kwa mita 2 za mraba kila mtoto, sakafu inabeba 22. Kinachobana ni walezi. Wanaovaa nepi, mlezi mmoja asizidishe 4. Wanaojiendea chooni, 10. Ukichukua 8 wa nepi na 12 wakubwa, unahitaji walezi 4 kwa wakati mmoja, na mpishi mbali na hao. Mlezi akipewa na sufuria, hapo ndipo mtoto anaungua.

BiShangani: Dada, angalia na saa. Mama wa feri anawahi samaki alfajiri; ukifungua saa 2 asubuhi, mtoto ameshaachiwa dada yake wa miaka 9, na huyo naye shule imempita. Fungua saa 11 alfajiri, walezi wapokezane zamu saa 6 mchana. Ada ipokee kwa siku au kwa wiki. Ukitoza kwa muhula kama shule, utabaki na watoto wa waajiriwa tu.

Mkeka_Mtwara: Asanteni sana. Uji je? Na wale wa miaka 3 na 4 niwape daftari?

Mwl_Awali: Uji: vikombe 4 vya unga wa mahindi, kimoja cha karanga zilizokaangwa na kusagwa. Chambua karanga moja moja, zenye ukungu au zilizosinyaa tupa, zina sumukuvu na kuchemsha hakuiondoi. Saga za wiki moja tu, zikikaa zinachacha. Karanga nzima usimpe mtoto wa umri huo, itamkaba.

Daftari hapana, hata wazazi wakidai. Vidole vya miaka 3 havijakomaa kwa kuandika. Wape udongo wa kufinyanga, vifuu vya kupanga na kumiminia maji, hadithi na nyimbo kila siku. Darasa la awali watalikuta shule ya msingi. Vya kuhesabia tumia vizibo vikubwa visivyomezeka. Korosho ghafi zimejaa kila kona huku, lakini zisiingie kituoni kabisa: mafuta ya ganda lake yanababua ngozi, na mtoto kila kitu anapeleka mdomoni.