Fedha za Urusi zilizozuiwa Ulaya: zichukuliwe au zishikiliwe tu?

Mwalimu wa Mwanjelwa
Wadau, habari za jioni. Jana kijiweni Soweto, hapa Mbeya, nusura tukunjane mashati. Tangu 2022 fedha za Benki Kuu ya Urusi, kama euro bilioni 210, zimezuiwa Ulaya, nyingi ziko Euroclear, kampuni ya kutunza hati za fedha pale Brussels, Ubelgiji. Ukraine imebomolewa, na mwenye fedha ndiye anayebomoa. Sheria inaruhusu zichukuliwe? Mimi nasema kuzuia sawa, kuchukua hapana. Mali ya benki kuu ina kinga, na hatua ya kumbana aliyekosea lazima iweze kutenguliwa akijirekebisha. Ukishazitumia utatengua nini?

Dereva Tunduma
Mwalimu, walishazila kitambo hizo. Si ndio hao hao waliokamata ndege yetu, ile Airbus ya Air Tanzania? Tunahurumia benki kuu za watu wakati dhahabu ya Chunya inavushwa hapa mpakani kwenye buti za magari, na wanaoivusha ni wachimbaji wetu wenyewe.

Mwalimu wa Mwanjelwa
Kaka, hawajazila. Mei 2024 Umoja wa Ulaya uliamua faida inayotokana na fedha hizo iende Ukraine, mtaji haukuguswa. Desemba 2025 ulipokuja mpango wa kutumia fedha hizo kuikopesha Ukraine, Ubelgiji ikakataa kubebeshwa peke yake mzigo wa kesi ambazo Urusi ingefungua, nchi za Umoja wakaishia kukubaliana kuikopea Ukraine euro bilioni 90 sokoni. Airbus ilikamatwa Johannesburg Agosti 2019 kwa amri ya mahakama, mkulima akidai fidia ya mali tulizomtaifishia sisi. Septemba ikaachiwa.

Binti Chunya
Shikamoo Mwalimu. Samahani, hilo la buti siliachi lipite. Dereva, umewahi kukaa karasha, kwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kuanzia alfajiri, unasaga mawe ya wiki nzima, unachoma, unabaki na kipande kama punje ya mahindi? Nakipeleka soko la madini, kinawekwa mzanini mbele yangu, mrabaha unakatwa nikiona. Tangu 2019 soko lifunguliwe sijauza gramu moja pembeni. Usituite wezi.

Dereva Tunduma
Sijasema wote, dada. Nimesema ninachokiona barabarani.

Binti Chunya
Umesema "wachimbaji wetu". Soma ulichoandika.

Mzee wa Mafinga
Kamwene. Vijana, tulieni. Mwalimu, hiyo kinga inamlinda asiye na ugomvi na mkubwa. Mwaka 2003 Marekani ilichukua dola bilioni 1.7 za Iraq zilizokuwa zimezuiwa kwake. 2022 ikazuia bilioni 7 za Afghanistan, nusu ikazitenga kwa ajili ya kesi za wahanga wa Septemba 11. Watoto wa Kabul walikosea nini?

Mwalimu wa Mwanjelwa
Mzee, shikamoo. Iraq walikuwa vitani nao, sheria yao ya 2001 ndiyo iliyowapa mwanya huo. Ulaya haiko vitani na Urusi, ndipo ugumu ulipo.

Dereva Tunduma
Kuzuia na kuchukua ni kitu kimoja kwa mwenye mali! Lori langu liliwahi kushikiliwa siku 11 kwa karatasi moja. Kadi ilibaki na jina langu, sawa. Lakini nyanya zilichuruzika mpaka chini ya chasisi, nzi wakajaa, mwenye mzigo ananipigia simu analia. Nilirudishiwa lori. Nyanya nani alinirudishia?

Binti Chunya
Pole kwa hilo, kaka. Kweli kabisa. Sasa rudi kwenye dhahabu: Venezuela ina tani 31 Benki Kuu ya Uingereza, Rais Maduro aliziomba akanyimwa, Waingereza wakasema wanamtambua mpinzani wake Guaidó. Sisi tangu Oktoba 2024 wanaosafirisha nje lazima waiuzie Benki Kuu yetu angalau asilimia 20. Naunga mkono. Jasho langu likae nyumbani.

Mzee wa Mafinga
Hapo binti umenena.

Mwalimu wa Mwanjelwa
Na Ukraine je? Nani atamlipa bibi aliyebomolewa nyumba Kharkiv? Hakuna aliyenijibu.

Dereva Tunduma
Alipwe, Mwalimu, na alipwe na aliyembomolea. Dada wa Chunya, neno "wachimbaji wetu" nalifuta. Lakini Jumamosi napita Makongolosi, nataka nione huo mzani kwa macho yangu.

Binti Chunya
Njoo kabla ya saa sita, foleni huwa ndefu.